Duka Lilikataa, Mjomba Nikanunua

Mshauri mpendwa, naomba msaada, na uketi vizuri maana anayekuandikia si mtu wa kuokotwa, mimi ndiye fundi wa friji ninayetegemewa na mji mzima, kuna friji niliigusa mara moja tu ikagandisha mpaka ndoo ya maji ya jirani, nyumba ya pili, waulize. Lakini friji hazipigi hodi, mshauri, na tangu mke wangu aondoke miaka sita iliyopita aliyekuwa akipiga hodi kwangu ni mpwa wangu wa kike tu, ana miaka kumi na mitatu, anakuja Jumamosi kucheza gemu kwenye televisheni yangu.

Sasa mwezi juzi akataka gemu moja la kivita, kasha lake lina namba 18 nyekundu, dukani wakamkatalia, akaja analia, nikaenda mwenyewe. Yule binti wa kaunta akaniuliza, "Mzee, hili ni la nani?" Nikamwambia, "La kwangu, mimi vita navijua, nimepigana vitatu." Akacheka, akaniuzia.

Dada yangu akaja kugundua mtoto halali taa ikizimwa. Akanipigia: "Kaka, duka zima limemkatalia, wewe ndiyo ukajifanya mlango wa uani?" Amemkataza kuja, Jumamosi ya tatu hii. Na juzi mtoto kanitumia ujumbe: "Mjomba, limetoka la pili. Ukininunulia nakuja, mama hatajua." Nimeshafika dukani mara mbili nikarudi mikono mitupu. Nisiponunua, nani atanigongea mlango?

Halafu kuna hili, nalisema kwa aibu. Rimoti ya gemu aliyokuwa akinipa ili tucheze pamoja haikuwa imeunganishwa. Nililijua tangu wiki ya pili. Nikaendelea kubonyeza.

Mjomba mpweke

JIBU

Fundi, pole kwa Jumamosi hizo. Sasa nikuseme. Ile kumi na nane si pambo la kasha. Binti wa kaunta alikuuliza swali la maana, ukamjibu kwa vita ulivyopigana ndotoni, na mtoto ndiye asiyelala. Leo unafikiria kumfundisha kumficha mama yake ili wewe usikae peke yako? Upweke ni wako, usimtwishe mtoto.

Ila hiyo rimoti hukuielewa. Mtoto anayetaka gemu tu angekuacha ukae jikoni na redio yako. Huyu alihangaika kukutafutia kitu cha kushika ili ukae karibu naye.

Kwa hiyo la pili usinunue. La kwanza mkabidhi dada yako mkononi, umwombe radhi, mtoto akiwa anasikia. Na huo ujumbe ujibu leo hii: "Sinunui. Nakuja kukuona." Dada akisema usubiri mwezi mzima, subiri bila kubishana. Akikufungulia, ingia, kaa sebuleni, muulize mpwa wako habari za shule, usikilize jibu mpaka mwisho, na uage kabla hawajakuchoka.