Mishale ya Manyoya ya Jogoo

Mpendwa mshauri Mama Anastazia, naomba msaada, ingawa huku Msowero watu ndio huniomba mimi, maana nimesoma mpaka darasa la tano na ningeendelea kama mwalimu asingeniogopa, na kwa upinde sijaona wa kushindana naye tangu kwetu Shinyanga, ambako niliwahi kumpiga kanga angani mshale ukampitia ukamfuata mwenzake, na hata simba wa Mikumi wakiniona na upinde husimama pembeni mwa lami wakaniamkia.

Basi binti yetu wa mwisho, Devotha, alipoolewa Kimamba nyumba ilipoa, mimi na mke wangu Marciana tukawa jioni tunakaa kama abiria wawili wanaongoja basi moja bila kujuana, ndipo siku moja nikautoa upinde wa marehemu baba nikaanza kulenga gunia la majani makavu, Marciana akacheka mpaka akafuta machozi, akasema, "Baba Devotha, hebu nipe na mimi." Kwetu mwanamke hata kuuruka upinde haruhusiwi, lakini hizi ni enzi za ruksa, kila mtu anafungua duka, nami nikaruhusu. Nikamchongea upinde wake, yeye akaleta kutoka Mikumi uzi wa kushonea maturubai ya malori tukaufanya kamba, na mishale yangu nikaitia manyoya ya kanga, yake ya jogoo, maana kwa desturi yetu mshale hujulikana mwenyewe kwa manyoya, mawindo yasigombewe. Kila jioni tukitoka shamba tunalenga na kutaniana, anayeshindwa anapika uji, na mimi nimeupika sana, kwa kuwa nampenda.

Juzi shemeji Cornel, kaka yake Marciana, akaja na wenzake kutoka Kimamba wakaliona gunia, mishale ya jogoo imejikusanya katikati kama vifaranga, ya kanga imetawanyika, mmoja uko kwenye mpapai wa jirani. Akauliza hii ya jogoo ni ya nani, mdomo ukanitangulia ukasema ni yangu, hiyo ya kanga ni ya dada yako, bado anajifunza. Kumbe Marciana yuko nyuma yangu na maji ya kunawa. Aliwanawisha wageni, na walipoondoka akachomoa mishale yake, akautundika upinde jikoni juu ya moshi, akaniambia, "Utapiga peke yako, bingwa."

Sasa Cornel amenitangaza kila mahali, sikukuu ya mavuno nipige mbele ya watu, na mkono unatetemeka, kwa baridi tu. Nipe dawa ya mkono, au maneno ya kumrudisha Marciana, na kama ni lazima nichague, nipe maneno, maana jioni zimekuwa ndefu na gunia halicheki.

Ngolo Shigela, Msowero, Kilosa

Bwana Ngolo,

Pole, sasa kaa chini nikugombeze. Hao simba nakuachia mwenyewe. Lakini mkeo alivunja mwiko wa kwenu ili acheze na wewe, nawe ukamnyang'anya mishale yake mbele ya ndugu yake. Umesema manyoya hutiwa ili mawindo yasigombewe. Anayebeba mawindo ya mwenzake kwenu mnamwitaje? Jibu unalo.

Hata hivyo sijakukatia tamaa. Umeacha dawa ukachagua maneno, hapo umenifurahisha. Tena hukuona alichofanya Marciana. Mbegu ya mahindi unaitundika wapi isiliwe na wadudu? Juu ya moshi. Aliyechoka kabisa angeutia upinde motoni.

Leo pika uji bila kushindwa. Mpe, sema, "Nimekosa, mama Devotha," halafu nyamaza, najua kutakuuma. Jumapili panda baiskeli mpaka Kimamba, umweleze Cornel mbele ya wale wale aliokuja nao. Watacheka. Waache wacheke, watachoka. Siku ya mavuno Marciana akikubali, apige yeye, wewe ubebe mishale. Akikataa, simama ukose kwa manyoya yako mwenyewe.

Na mtu akiuliza mishale ya jogoo ni ya nani, jibu kwa sauti ile unayosimulia nayo habari za simba: ni ya mke wangu, na upinde nimemchongea mimi. Hapo jisifu mpaka jua lizame. Itakuwa kweli.