Kelele za Banda la Juma

Jumamosi, 16 Agosti
Nimemnyoa Kaka Mwakio, nikamvika jezi, nikampeleka banda la Juma la kuonyesha mpira. Kisukari kilimla macho zamani, lakini pale bandani haachwi nyuma. Anaketi benchi la katikati, anasikiliza watu. Wakivuta pumzi, anajua hatari. Wakisonya, mpira umetoka nje. Leo ameshangilia goli kabla ya wenye macho. Bakari muuza miwa akalalamika: "Mzee, wewe umelipia masikio tu, mbona unatutangulia?" Kaka amecheka njia nzima hadi kwetu, mtaa wa Sofia.
Watu walikuwa wachache. Sikumwambia.

Jumamosi, 23 Agosti
Banda limefungwa. Juma anasema nusu ya mechi zimehamia huduma nyingine, ya kulipia kwenye simu, na ile ya kwanza nayo imepandisha bei. Alipie mbili? Kwa wateja gani? Kila kijana ana simu yake na waya masikioni. Ligi imekatwa vipande kama mbuzi wa harusi. Sisi tumepewa kwato.
Kaka amekaa kitandani na jezi yake mpaka jioni. Nina hasira. Sijui nimkasirikie nani. Mwenye ligi haishi Voi.

Jumamosi, 30 Agosti
Nimelipia kwenye simu yangu. Mimi ni fundi cherehani, mpira nimejifunza kwa kusikia matusi. Nikamtangazia hivyo hivyo.
"Yule mrefu anao. Anampa wa viatu vya njano."
"Namba ngapi?"
"Amegeuka."
"Ni winga?"
"Yuko karibu na mstari."
Akavumilia. Kisha, kipindi cha pili, picha ikaganda. Bando lipo, mtandao hakuna. Kaka alikuwa ameelekeza uso kwenye simu kama anayeota moto. Nikashindwa kumwambia. Nikafunga goli mwenyewe. La kichwa. Nikapiga na vigelegele.
Akauliza, "Mbona ploti nzima kimya?"
Nikasema majirani wa vyumba vingine wanasikiliza kwa waya. Hilo lilikuwa kweli. Ndipo akashangilia, peke yake, kwa sauti ya watu wengi.

Jumapili, 31 Agosti
Balaa. Nikiwa kanisani, amepapasa njia mpaka kwenye kigari cha Bakari kumtania. Bakari hana ubaya, ni mdomo tu: "Mzee, mlichapwa tatu bila! Hilo goli mlifunga ndotoni?" Wateja wakacheka mpaka miwa ikawadondoka.
Amerudi. Nikamwambia ni mimi niliyelitunga lile goli.
"Najua ni wewe. Nani mwingine ananifanya mtoto?"
Hakula. Nina aibu ya mwizi. Tena mwizi mjinga, maana nimeiba kitu ambacho ploti nzima ilikuwa nacho kwenye simu.

Jumamosi, 6 Septemba
Nimempeleka uwanjani. Timu ya mtaa, ligi ya hapa hapa, kiingilio hakuna. Nilidhani kelele nazo zitakuwa za bure. Tulikuwa watu wa kujaza benchi mbili, na wengi wameinamia simu wakitazama Ulaya. Golikipa alidaka penalti, nikapiga makofi mimi na mke wake. Vijana wanacheza kimya kama wanachimba kaburi.
Mapumziko yalipofika Kaka akaniinamia: "Mechi inaanza saa ngapi?"
Nikamwambia nusu imekwisha. Mara hii nimesema ukweli. Umemuuma kuliko ule uongo.
Njiani akasema nisimpeleke tena.

Jumatano, 10 Septemba
Juma amekodisha banda kwa mtu wa makaa. Benchi ziko nje, zinauzwa. Nimepita upande wa pili wa barabara.
Kaka hajauliza habari za mpira tangu Jumamosi. Juzi majirani walibishana mlangoni kuhusu refa, akaomba nifunge mlango, kuna upepo. Hakukuwa na upepo.

Jumamosi, 13 Septemba
Joto. Nimemaliza sare mbili za shule.
Alasiri, saa ya mpira ilipofika, milango ya ploti ikajifunga mmoja mmoja. Kaka alikuwa kwenye kigoda hapo nje, akimenya mbaazi. Ana vidole vyepesi kunishinda.
Chumba cha mwisho, mtu mmoja akapiga kelele ya goli.
Kaka akainua kichwa. Mikono ikasimama. Akangoja wengine waitikie.
Nikaacha cherehani, nikangoja naye.
Kisha akaokota ganda lingine la mbaazi.