Majani Yasiyo na Mistari

Baba Neema, mume wangu,

Tangu tukuzike sijakuandikia, maana nilipokuwa kule shambani kwetu Iyula nilikuwa naongea nawe kwa mdomo huku nikichuma kahawa, na hakuna aliyenishangaa. Hapa Tunduma nikiongea peke yangu wajukuu wanakimbia kumwita mama yao. Basi naandika.

Neema alinichukua tulipomaliza kuvuna. Alisema nyumba ile ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Umeniachia mtoto mwema. Ananiwekea maji ya moto ya kuoga, hataki nishike hata ufagio. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi miezi inakatika sijapewa hata kisu cha kumenyea viazi! Nakaa barazani natazama malori yakisubiri kuvuka kwenda Zambia. Sikujua kama mtu anaweza kuwa mpweke kiasi hiki kwenye nyumba iliyojaa watu.

Unakumbuka siku niliyobeba bomba la dawa? Nilikuwa nimeona majani ya yale maua ya zambarau, yanayochipua kwenye kipande chetu cha msitu wa miombo chini ya shamba, yamejaa mistari myeupe ya kupindapinda. Ndani ya kila mstari kulikuwa na kiwavi mdogo, anakula jani kutoka ndani bila kutoboa ngozi yake. Nikasema huyu ni yule mdudu anayeharibu majani ya kahawa, amejificha porini anatuvizia. Ukanizuia njiani, unacheka mpaka nikakasirika.

"Mama Neema, tumpime kwanza. Akila kahawa nitapuliza mwenyewe."

Ukachimba shina moja la ua lenye viwavi, ukalipanda kitaluni katikati ya miche ya kahawa. Viwavi wakageuka nondo wa rangi ya fedha, wadogo kama punje ya mchele. Wakazunguka juu ya miche yote, kisha wakarudi kutaga mayai palepale kwenye ua lao. Kahawa haikuguswa. Ua lilipokauka, hatukuwaona tena.

"Mbishi huyu," ukasema. "Bora afe njaa."

Toka hapo kila mvua zikianza tulikuwa tunateremka mimi na wewe baada ya ibada, tukiwa bado na nguo za kanisani. Unanyanyua jani kulielekeza kwenye jua ili nimwone kiwavi akitembea ndani. Wenzetu walikuwa wanakwenda kutembea mjini. Sisi matembezi yetu yalikuwa hayo, na mimi yalinitosha.

Sasa mdogo wako anataka kukifyeka kile kipande alime mahindi. Amepiga simu mara kadhaa, anasema pamekaa bure. Nilikuwa namjibu kwamba ninafikiri, na kweli nilikuwa sijui niseme nini. Shamba nimelikimbia mwenyewe, nitalizuia kwa mdomo gani?

Nilikuja huku na mzizi mmoja wa lile ua, nikaupanda kwenye kopo la mafuta. Mvua za kwanza limechipua vizuri. Jana Neema aliinama kulitazama.

"Jamani mama, ua lako zuri! Majani hayana hata doa."

Nilikwenda chumbani nikalia. Ni kweli, majani ni safi yote, hakuna nondo aliyelifuata. Nimekukumbuka, Baba Neema.

Leo shemeji amepiga tena. Nikamwambia asikifyeke kile kipande.

"Kwani pale pana nini, shemeji?"

"Pana wenyeji."

Nadhani alifikiri nasema mizimu. Sikumsahihisha.

Neema naye, nilipomwambia narudi Iyula, ameniuliza nitaishi na nani huko. Nikaendelea kukunja nguo. Narudi Jumamosi. Najua nitapiga hodi kwa mazoea tu, kisha nitautafuta ufunguo kwenye mkoba wangu.

Mkeo,
Mama Neema