Mapazia Yameishia Mapajani, na Dada Anataka Tugawane Duka

Mpendwa Shangazi wa Jumatano,

Shikamoo. Nakuomba unisaidie upesi maana zimebaki siku tisa mwezi uishe, na mimi na dada yangu mkubwa tuna duka la mapazia, mwaka wa kumi na moja huu, yeye anakata na kushona, mimi napokea wateja na kukaa kwenye kompyuta kutafuta vitambaa na mitindo na kusoma vipimo tunavyotumiwa, na hatujawahi kununiana zaidi ya nusu siku, lakini sasa ameniambia mwezi ujao kila mtu na duka lake, na ameshachora mstari wa chaki katikati ya sakafu, Shangazi, chaki! Na vyerehani vyote viko upande wake.

Chanzo ni hii kompyuta. Sisi mama alitulea kwamba mtu akibisha hodi hafukuzwi, basi kila tovuti ikiniuliza kama inaweza kunitumia habari zake naona haya kuikatalia, imeuliza kwa adabu, nabonyeza Ruhusu. Jana nimezihesabu, nimeruhusu sabini na tatu. Kuna ya mapishi, kuna ya hali ya hewa ya miji nisiyoijua, kuna ya wafugaji wa sungura na mimi sina hata sungura mmoja, kuna moja inanipongeza kila asubuhi kwa kushinda gari. Na kurasa nikishazifungua siwezi kuzifunga, naona nitazihitaji tena, kwa hiyo ziko wazi hamsini na kitu, zimebanana huko juu hata majina hayasomeki, na mashine inahema kama mtu aliyepanda ghorofa nne na magunia. Naingia kutafuta namna ya kutundika pazia kwenye dirisha la kona, nikija kushtuka nasoma kobe anaishi miaka mingapi, na mteja amesimama mbele yangu na mkoba begani.

Sasa juzi zahanati moja ilituagiza mapazia kumi na mawili ya kuzungushia vitanda. Muuguzi mkuu akatuma vipimo kwa barua pepe, nikavifungua vizuri kabisa, dada yuko na mkasi tayari, mara likatokea tangazo la gari langu, nikalibonyeza ili litoke, likafungua ukurasa mwingine, nikarudi nyuma, kumbe nimerudi kwenye vipimo vya madirisha ya mgahawa. Nikamsomea dada, "Urefu sentimita mia na ishirini." Dada akauliza, "Una hakika? Mbona fupi hivyo?" Nikamwambia, "Kata, dada, ndivyo ilivyoandikwa." Akakata yote kumi na mawili.

Tulipoyatundika, mgonjwa akisimama kuvua suruali alionekana kuanzia mapajani hadi vidoleni. Mzee mmoja akauliza wodi nzima ikisikia, "Jamani, hili ni pazia au leso?" Muuguzi mkuu ametupa hadi Jumatatu. Dada hakunigombeza, nafuu angenigombeza. Alivua tepu ya kupimia shingoni, akaiweka mezani, akasema, "Mimi nimechoka kuongea na kisogo chako." Tangu hapo anaunga vipande vya chini peke yake, na mimi ananisalimia kama mteja.

Moyo unaniuma, Shangazi, sijui kuuza mapazia bila dada yangu. Ninunue kompyuta mpya? Nibadilishe kampuni ya mtandao? Au niwashtaki hawa wa sungura?

Ni mimi,
Mdogo Mtu, wa duka la mapazia

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Mdogo Mtu.

Nimecheka hadi mhariri akaja kunichungulia, Mungu anisamehe kwa ajili ya huyo mgonjwa. Sasa nimemaliza. Kaa vizuri nikuambie.

Kompyuta mpya ya nini? Utaijaza kwa wiki moja, na gari lako utashinda upya. Mama yako alikufundisha kukaribisha watu. Tovuti ya sungura si mtu. Ukiikatalia haitakununia, wala haitakusema kwa majirani. Fungua mipangilio ya kivinjari chako, ingia kwenye sehemu ya faragha, tafuta palipoandikwa arifa, utawakuta wageni wako wote sabini na tatu wamejipanga. Ondoa wote, tena usianze kumwonea huruma huyu na yule. Hapohapo kuna pa kuzizuia tovuti zisikuulize tena kabisa. Pawashe. Halafu angalia viendelezi, yale makorokoro yanayojipachika pembeni ya kivinjari, na usichojua kazi yake kitoe. Weka kizuia matangazo kimoja. Nimesema kimoja, maana nimeshakujua, utaweka vinne.

Kurasa hamsini na kitu! Unazozitumia kila wiki hazizidi sita, nabishana na wewe hapa hapa. Hizo sita ziweke kwenye alamisho, kivinjari kikutunzie anwani zake, zilizobaki funga. Najua mkono utasita, funga hivyo hivyo, hakuna anayekuja kuzihamisha. Mashine yako itapumua na wewe utapumua. Kuanzia leo, kabla hujashika kipanya, andika kwenye karatasi unatafuta nini. Ukikipata, inuka kwenye kiti. Habari ya kobe nimekuangalizia mwenyewe: wapo wanaopita miaka mia. Imejibiwa, usirudi huko tena.

Na vipimo vya mteja visisomwe kutoka kwenye skrini huku mkasi unasubiri. Viandike kwa kalamu, jina la mteja juu, dada apewe karatasi yake mkononi.

Hiyo yote ni kazi ya saa moja, na ndiyo sehemu rahisi. Barua yako nimeisoma mara tatu, mwanangu. Umelaumu matangazo, umelaumu mashine, umelaumu mtandao, hata malezi ya mama yako hukuyaacha salama. Lakini dada alikuuliza kwa mdomo wake kama una hakika, na aliyemjibu "kata" si tangazo la gari. Tovuti sabini na tatu uliona haya kuzikosea adabu, halafu aliyefanya kazi na wewe miaka kumi na moja ukamjibu bila kugeuza shingo. Kitambaa kinanunuliwa, na dada yako analijua hilo kuliko wewe. Usijidanganye kwamba amekasirikia kitambaa.

Kwa hiyo kesho fika dukani kabla yake, na usiwashe chochote. Akianza kuunga, kaa naye, shika upande wa pili wa pazia, uunge naye yote kumi na mawili hadi mwisho. Na kabla sindano haijaingia kwenye kitambaa, mtazame usoni umwambie, "Dada, nilikosea mimi. Nisamehe." Maneno hayo nimeyatafuta kwenye barua yako toka salamu hadi sahihi na sikuyaona. Nadhani na yeye anayatafuta.

Shangazi wa Jumatano