Jiwe Lina Mwenyewe

Mtaa wa Mahiwa,
Kariakoo, Dar es Salaam.
Ijumaa, baada ya Alasiri.

Kwa dada yangu Somoe,

Shikamoo dada. Barua yako imenifikia Jumanne kwa mkono wa dereva wa lori la korosho. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikampelekea Bi Tatu, mwenye nyumba wangu, auone mwandiko. Miaka yote barua zako zilikuja kwa mikono ya watu, mara karani wa kijiji, mara mpwa wangu mwenye haraka zake. Hii umeiandika mwenyewe. Herufi zimelala upande mmoja kama mtama uliopigwa na upepo, na neno "ndugu" umelianzia mstari huu ukalimalizia mstari wa pili. Nimefurahi hata nikashindwa kula mchana.

Mguu unaendeleaje? Umesema ukikaa sana darasani unavimba. Omba kigoda uunyooshe, wala usione haya, mtu mzima hasomi kwa kuteseka. Na kijiji kipya kimekuzoea? Tangu mhamishwe mimi sijafika, hiyo nyumba siijui hata mlango unatazama wapi. Nikikuwaza, bado nakuona kule kwa zamani, chini ya jabali letu. Mimi ni mzima. Nashona magunia sokoni kama kawaida, na kila mwezi nakwenda hospitali upande wa Upanga kuchomwa sindano yangu. Inanikausha mdomo na kunitetemesha vidole, lakini siiachi.

Sasa nijibu uliloniandikia. Umesema: "Hamisi nasikia unasoma tena. Acha vitabu. Vitabu ndivyo vilivyokuchukua." Najua maneno haya yalianzia wapi. Kaka yetu mkubwa aliyasema siku niliporudishwa kutoka chuo cha ualimu, kijana wa miaka ishirini, mikono imefungwa kamba, na kijiji kizima kikayapokea: kasoma mno, akili imefurika. Sikuwalaumu. Nami niliyaamini kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilikuwa nikiona gazeti limefungiwa maandazi nageuza uso nisisome. Ni daktari wa hapa aliyenieleza kwamba ugonjwa huu, ambao wao huuita skizofrenia, huwapata waliosoma na wasiosoma. Nami nikakumbuka kwamba kule bara, kwenye wodi ya hospitali ya wagonjwa wa akili, nililala katikati ya mchukuzi na mchunga ng'ombe ambao hawajapata kushika kalamu.

Nimerudi kusoma kwa sababu ya darasa la mtaa wetu. Mwalimu Anasia, binti wa Kilimanjaro aliyepanga chumba cha mbele humu humu kwetu, alikuwa akiwafundisha watu wazima jioni kwenye ofisi ya tawi: wachukuzi wa sokoni, mama lishe, na Bi Tatu mwenyewe, ambaye ni balozi wetu wa nyumba kumi na alikuwa akitia dole gumba kwenye kila karatasi ya chama. Mimi nilikuwa nikimsaidia kusahihisha madaftari. Mwanzoni mwa mwaka akaletewa barua ya uhamisho, aondoke kabla ya mwaka kwisha. Wakubwa wakasema kama hapatikani mtu mwenye cheti cha kufundisha watu wazima, darasa lifungwe. Mafunzo ya cheti hicho huja kwa posta, na mwisho wake kuna mtihani. Bi Tatu akaniangalia. "Mimi nimefika kwenye nga na nya," akasema. "Huwezi kuniacha hapo Hamisi, hapo ni porini."

Nikakubali, na hapo ndipo shida ilipoanza.

Nikueleze ilivyo, maana hujapata kuniuliza nami sijapata kusema. Sauti ninazozisikia ni mbili. Ya kike hunung'unika tu mbali, kama watu wa chumba cha pili. Ya kiume ndiyo mbaya. Nikifungua kitabu, inasoma pamoja nami, kisha inatangulia mbele ya jicho langu na kutamka maneno ambayo hayapo kwenye karatasi. Somo la kwanza lilianza hivi: mtu mzima hujifunza kwa kutumia yale anayoyajua tayari. Mimi nikifika "mtu mzima", yenyewe imeshamaliza: "huyu si mtu mzima." Narudi mwanzo. Nimeusoma mstari ule asubuhi nzima nisifike nukta yake. Na sauti ikinyamaza, dawa inanishika, kichwa kinakuwa kama gunia lililolowa, nasoma ukurasa mzima na nikiufunga sijui ulisema nini. Miezi miwili ikapita. Nilimwambia Mwalimu Anasia sitaweza, hata mistari mitatu haikai kichwani. Akanisihi nisubiri kwanza.

Sasa nikusimulie la foleni. Kwenu sijui mnafanyaje, lakini hapa sukari ikija kwenye duka la ushirika, watu huwahi alfajiri, na kwa kuwa kila mtu ana kazi zake, huacha jiwe mahali pake akaondoka. Kila mtu na lake: tofali bovu, kipande cha tumbawe, kopo, hata ndala moja. Jiwe hilo linaheshimiwa kama mtu. Mgeni akilisogeza ataambiwa, "Hilo lina mwenyewe, katoka kidogo." Hakuna anayebishana na hilo.

Siku moja Bi Tatu alinituma mapema nimwekee tofali lake, nami nikabaki pale na kitabu. Watu wakaja mmoja mmoja, wakaweka, wakaenda. Nikabaki peke yangu na mawe thelathini na kitu. Ndipo ile ya kiume ikaniambia kwamba chini ya kila jiwe limeandikwa jina langu, na duka likifunguliwa watayageuza yote pamoja wanicheke. Dada, nakwambia nilijua ni uongo. Nilijua kabisa, na bado sikuweza kukaa. Nikainuka, nikainua la kwanza, nikatazama chini yake, nikaliweka ukutani. Nikainua la pili. Nilikwenda hivyo mpaka la mwisho. Sikuona jina popote. Sauti ikanyamaza, nikageuka, nikaona nilichofanya: hapakuwa na foleni tena, palikuwa na lundo.

Watu wakarudi. Sitaki kukuandikia yote yaliyosemwa. Mwuza samaki mmoja alinishika ukosi wa kanzu, mwingine akaita mgambo. Mgambo alipofika, akanitazama jinsi nilivyokuwa nikitetemeka, akauliza umati, "Huyu mtu ni wa nani?" Nilikwisha kulisikia swali hilo zamani, dada, na mara ya mwisho lilipoulizwa hakuna aliyejibu, nikapandishwa gari kupelekwa bara.

Bi Tatu akapita katikati ya watu na kikapu chake. "Ana mwenyewe huyo," akasema. "Katoka kidogo. Anarudi sasa hivi."

Wengine wakacheka, na kicheko kile kikaniokoa, kwa maana yule wa samaki akaniachia. Kisha Bi Tatu akaniambia taratibu, kama mtu anayemwomba mwenzake chumvi, "Hamisi, yarudishe."

Nikaenda kwenye lundo. Nikaokota tofali lililovunjika pembe, la Bi Tatu, nikaliweka mlangoni. Likafuata kopo la maziwa lenye kutu, la mzee mshona viatu. Kisha tumbawe lenye tundu, la mama wa maandazi. Nilikuwa nimewaona wote wakija, na nilikuwa nimelishika kila jiwe kwa mkono. Nikawa naliweka na kumtaja mwenyewe. Mwuza samaki akadai yeye alikuwa wa nne. Nikamwambia, "Hapana bwana, ulikuja nyuma ya ndala. Uliweka hili bapa, ukarudi tena kuligeuza." Watu wakamwuliza kama kweli aligeuza. Akasema aligeuza, ndiyo, lakini hilo halimhusu mtu. Nilikosea mara moja tu, matumbawe mawili yaliyofanana, na wenyewe wakaelewana, kijana akampisha mama. Duka lilipofunguliwa foleni ilikuwa imenyooka.

Mwalimu Anasia alikuwemo kwenye foleni hiyo. Tulipokuwa tunarudi nyumbani aliniuliza, "Mzee Hamisi, si ulisema mistari mitatu haikai?"

Nikamwambia yale hayakuwa mistari, yalikuwa mawe, na nilikuwa nimeyashika.

"Basi na somo tulishike," akasema.

Ndivyo nilivyosoma tangu siku hiyo. Uani kwetu, kando ya karo la kufulia, nilipanga mawe mstari mmoja. Kila jambo la somo nililipa jiwe lake. Nainua la kwanza, nasema kwa sauti yangu mwenyewe mtu mzima hujifunzaje, nalirudisha, nakwenda la pili. Ile ya kiume ikiingilia, sibishani nayo. Naweka jiwe chini, naondoka, nazunguka nyumba, na nikirudi nakuta jiwe limenishikia mahali. Kitabu kilikuwa hakinifanyii hivyo. Nikiinua macho tu, mstari umenipotea. Mwalimu Anasia hunisomea kipande kabla ya kwenda kazini, na jioni hunihoji huku akimenya ndizi. Wapangaji walinung'unika kidogo kuruka mawe na ndoo za maji mikononi. Bi Tatu akatoa tangazo la kibalozi: atakayesogeza jiwe la Mzee Hamisi atachota maji ya nyumba nzima wiki moja.

Usidhani nilipona. Siku nyingine nilifika jiwe la tatu nikaishia hapo. Na majuma mawili kabla ya mtihani ugonjwa ulinilaza kabisa. Sikuoga wala kusema na mtu, na Bi Tatu na Mwalimu walinishika huku na huku mpaka hospitali, nikachomwa sindano kabla ya siku yake. Nililala siku tano nikiamini yote yamekwisha. Siku ya sita nikatoka uani kujisaidia. Mawe yalikuwa pale pale nilipoyaacha, jiwe la tisa limesogea mbele kidogo ya wenzake, kama nilivyoliacha mimi. Pembeni uwanja ulikuwa umefagiwa. Bi Tatu alikuwa amefagia siku tano akizunguka kila jiwe, na alama za ufagio zilikuwa zimelizunguka kila moja kama mawimbi madogo.

Nilichutama pale nikalia, dada. Kisha nikainua la tisa.

Siku ya mtihani nilitia vijiwe saba mfukoni, kimoja kwa kila somo, nikavipanga mezani. Msimamizi, bwana mwenye miwani, akaja akauliza ni vya nini. Nikamweleza ugonjwa wangu kwa jina lake, bila kuficha. Hakuridhika. Akakigeuza kimoja kimoja, akitafuta maandishi chini yake. Nikamwonea huruma, maana kazi hiyo naijua. Alipoona hakuna kitu, akanirudishia vyote, akavipanga mwenyewe sawasawa, akaenda zake.

Nimefaulu, Somoe. Si kwa kishindo, hesabu nimevuka kwa kuchungulia tu, lakini cheti kimekuja na jina langu limeandikwa kwa taipu. Mwalimu Anasia alisafiri Jumapili. Nilimbebea sanduku mpaka kwenye basi, akaniambia, "Usiache sindano, mzee," kama mama anayeaga. Jumatatu nikafungua darasa. Bi Tatu alisoma sentensi nzima yenye ng'ombe ndani yake, akatazama huku na huku kuona nani anabisha.

Kwa hiyo mwambie kaka yetu kwa heshima zote kwamba vitabu havikunichukua, na kwamba nimerudi kwavyo. Akisita, msomee barua hii wewe mwenyewe, kwa kinywa chako. Hilo litamtosha.

Kwa haya yote namshukuru Mungu, na nawashukuru watu aliowatumia. Nimekaa ugenini muda mrefu kuliko nilivyokaa kwetu, na nilidhani mtu akikaa nje sana hapotezi kitu ila nauli. Kumbe hupoteza na mahali pake. Sasa nakuomba jambo moja dogo. Kwetu mawe si haba. Mtume mtu kule kwa zamani, kwenye jabali letu, akuletee jiwe moja la kubebeka, uliweke barazani kwenye hiyo nyumba mpya nisiyoijua, upande wowote utakaoona unafaa. Ukifagia, lizunguke. Atakayeuliza ni la nini, unajua la kumjibu.

Nisalimie shemeji, mwambie mkeka wake bado naulalia. Wasalimie wapwa zangu wote na yule mdogo aliyepewa jina langu. Msalimie mwalimu wako wa jioni, mwambie mwalimu mwenzake wa Kariakoo anampa heshima yake. Na mama mdogo, kama bado anasikia, mpigie kelele sikioni kwamba Hamisi anakula vizuri.

Bi Tatu naye anakusalimu, na salamu zake kaziandika nyuma ya karatasi hii kwa mkono wake. Herufi moja imegeuka, lakini amekataa isahihishwe.

Ni mimi mdogo wako,
Hamisi.