Wino wa Masizi kwa Uso wa Babu

Dada yangu mpendwa Naserian,

Imefaulu! Nitakueleza kwa utaratibu, kama nilivyoandika kwenye shajara.

Unakumbuka ile picha ya marehemu babu uliyoichapa hapa studio Kitengela, tukampelekea koko, nyanya yetu, kule Kajiado? Tulitumia wino wa rangi kadhaa zilizochanganywa zifanane na nyeusi. Kabla ya mwaka kuisha, uso ulikuwa wa waridi. Koko akaigeuza ielekee ukuta. "Huyu si mzee wangu," alisema. "Ni mgeni amekalia kiti chake."

Ulisaga mkaa wa ule mti koko anaosafishia vibuyu vya maziwa, ukauchuja kwa leso, ukaumimina kwenye printa. Ikakohoa, ikanyamaza. "Sasa tumeilisha ugali wa mkaa," nikakutania, ukanirushia kitambaa. Wiki hiyo ukaenda Kimana kulima vitunguu, na hujachapa picha tena.

Dada, wazo lako lilikuwa sawa! Chembe za mkaa ndizo zilikuwa kubwa. Nimepata wino ambao weusi wake na kijivu chake chote ni kaboni, yaani masizi yaliyosagwa laini mpaka yakapita kwenye matundu ya printa. Hakuna nyekundu ya kubaki peke yake rangi nyingine zikififia. Tarehe 6 Januari nilibandika picha dirishani juani, nusu nikaifunika kwa kadibodi. Tarehe 6 Juni nikaifunua. Nilitafuta mstari wa mpaka kati ya nusu hizo mbili, hata kwa lenzi. Haupo!

Jana nikampelekea koko picha mpya. Alikataa kuishika.

"Umeniletea mgeni mwingine?"

Nikaisimamisha mlangoni penye mwanga. Akasogea, akasogea tena, akapiga makofi.

"Hakunyoa! Angalia hizo ndevu! Nilimwambia anyoe kabla ya picha, akaniapia amenyoa!"

Akamgombeza babu kwa Kimaasai, akicheka na kujifuta macho. Kisha akageuka.

"Naserian yuko wapi? Mwambie mzee ameshaingia nyumbani. Yeye anangoja nini huko nje?"

Kwa hivyo vuna vitunguu vyako upesi, dada. Wino upo wa kutosha, na koko ameshauliza mara mbili.

Ni mimi mdogo wako, uliyemfunza kuchapa.