Uzi Mkononi mwa Mheshimiwa

Khejra, 5 Agosti

Mdogo wangu Devkishan,

U hali gani? Sisi wazima, ila mama presha imempanda na mimi silali. Simu yako imezimwa siku ya nne. Gazeti limetaja hoteli mliyofichwa, basi nabahatisha kukuandikia huko. Barazani watu wamejaa, wanauliza, "Dada, mbunge wetu yuko wapi?" Mangilal wa dukani ndiye mbaya kabisa: "Si aliteka maji ya mto kiganjani akaapa hahami chama? Au maji yameshakauka?" Nikamwambia aiache chai yangu.

Nakutumia uzi wa rakhi, ule dada anaomfunga nduguye mkononi ili umlinde. Sikukuu ni tarehe kumi na moja, na tangu uzaliwe sijakosa kukufunga. Usiuvue mpaka ipite ile kura ya bungeni ya imani kwa serikali.

Dada yako, Urmila


Hotelini, 12 Agosti

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na mama umpe shikamoo yangu. Simu wametunyang'anya wakubwa wa chama chetu wenyewe, eti wapinzani wasitununue. Tuko thelathini humu kama kuku katika tenga moja. Tunakula, tunacheza karata, tunachungana mpaka chooni. Barua hii dobi anaitoa ndani ya shuka.

Uzi umefika. Mzee Gopilal, tunayelala naye chumba kimoja, kanifunga mafundo matatu. Akacheka: "Haya hayafunguki kwa mkono mmoja, kijana!"

Dada, naogopa. Wapinzani wamenipenyezea neno: nikipiga kura nao, Wizara ya Maji ni yangu. Mfereji wa Khejra ungefika kabla ya sikukuu ya Diwali. Ingekuwa wewe, ungefanyaje?

Mdogo wako, Dev


Khejra, 14 Agosti

Dev,

Salamu baadaye. Mfereji tunautaka, soya imepauka mwaka huu tena. Lakini watu hawa walikupa kura kwa kile kiapo, na mimi ndiye ninayekutana nao kisimani kila siku. Keshokutwa televisheni itaonyesha bunge. Nitautazama mkono wako.

Dada yako


Khejra, 25 Agosti

Mheshimiwa Waziri. Hapana, Dev.

Hujambo? Mama hajambo kidogo, hatujamwambia yote.

Tulikuona ukiinua mkono pamoja na wapinzani. Mkono mtupu, bila uzi. Baraza zima likanigeukia, hata Mangilal. Nikasimama nikasema, "Wamemlazimisha! Hata uzi wangu wameukata!" Wakaniamini. Mangilal aliniomba radhi mbele za watu, nami siku zote hizi nimetembea kichwa juu.

Leo imefika bahasha ya wizara. Hamna barua, hamna salamu, ni uzi wangu tu. Nimeugeuzageuza dirishani. Haukukatwa popote. Mafundo yote matatu yamefunguliwa polepole, hata nyuzi hazikuchanika.

Mzee Gopilal nilimwona kwenye televisheni upande wa chama chetu, anajifuta machozi. Basi nani alikufungulia, Dev? Na ulimnyooshea mkono mwenyewe?

Mangilal anakuja kesho kunywa chai. Niambie nimwambie nini.

Dada yako, Urmila